Kikombe cha Garissa na Nasaba Zake

Mti wa chai hauoti Garissa. Mji umekaa chini ya mita 200 juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 400, na hiyo hiyo kidogo huja kwa misimu miwili, gu na deyr, kisha mbingu hufunga. Mchai unataka milimita 1,200 na zaidi zilizogawanyika mwezi baada ya mwezi, udongo wenye asidi na ubaridi wa mlimani. Kwa hesabu za bwana shamba, Garissa na chai hazina udugu. Lakini ingia hoteli yoyote karibu na Suuq Mugdi baada ya sala ya alasiri, au fika bomani kwa watu Balambala, Modogashe au Hulugho: kitu cha kwanza kuwekwa mbele ya mgeni ni chai.

Chai ya huku ina namna yake. Sukari hutiwa mapema, tena ya kutosha. Iliki na mdalasini hupondwa na kuchemka pamoja na maji. Anayependa huongeza tangawizi au karafuu. Majani hufuata. Maziwa huja mwisho, na yakipatikana ya ngamia hakuna anayeuliza ya ng'ombe. Maziwa hayo huwa na harufu ya moshi, kwa sababu chombo hufukizwa kwa kijinga cha moto kabla ya kukamuliwa, na moshi huo huyachelewesha kuchacha safarini. Mtu wa Nairobi akionja mara ya kwanza hudhani chai imeungua.

Hata maji yana habari yake. Garissa hunywa Tana, na Tana huanzia Aberdare na Mlima Kenya, kwenye vijito vya Sagana, Gura, Ragati, Mathioya na Chania, vinavyokatiza katikati ya mashamba ya chai ya Nyeri na Murang'a. Maji yaliyopita chini ya michai huteremka mamia ya kilomita hadi nyikani, na huko ndiko yanakokutana na majani yaliyochumwa mlimani na kusafirishwa kwa lori.

Majani hayo yametoka wapi? Mwenye duka atajibu bila kuinua kichwa: Meru, au Kericho. Hajakosea. Ukanda wa chai ulio karibu zaidi na Garissa ni milima ya Nyambene huko Meru, milima ile ile inayoipelekea Kaskazini Mashariki miraa, na wanaotafuna miraa ndio wanaojua thamani ya chai tamu kando yake. Ukiuliza zaidi, makaratasi ya Kenya yanaweza kukurudisha nyuma hatua kwa hatua. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, ilianza mwaka 1964 ikirithi chombo cha kikoloni kilichoundwa 1960. Kabla ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kikoloni wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, Mwafrika hakuwa na nafasi ya maana katika zao hili. Chai ilikuwa ya wazungu na makampuni yao. Brooke Bond na James Finlay walijitandaza Kericho katika miaka ya 1920. Arnold Butler McDonell alipanda yake Kiambethu, Limuru, mwaka 1918. Na nyuma ya wote yupo Caine, aliyepanda michai ya kwanza Limuru mwaka 1903.

Kila ngazi ya hadithi hiyo hurudia neno moja: mbegu kutoka India. Hapo karatasi huishiwa, kwa sababu katika karne ya 19 India haikuwa na chai ya aina moja. Mwaka 1823 Mskoti Robert Bruce alionyeshwa michai huko Assam na chifu wa Wasingpho, watu waliokuwa wakiyatumia majani hayo kabla Mwingereza yeyote hajayajua. Ndugu yake Charles akaiendeleza kazi, na mwaka 1839 chai ya Assam ikapigwa mnada London. Lakini Kampuni ya Mashariki ya India haikuliamini sana jani la porini. Ilitaka mchai wa Kichina, na kuanzia 1848 ilimtuma Robert Fortune China kuuchukua, mbegu na miche kwa maelfu, akitembea amevaa kama Mchina. Kwa hiyo zaidi ya miaka hamsini baadaye, mtu aliyenunua gunia la "mbegu za India" kwa ajili ya Limuru huenda alinunua Assam, huenda alinunua China iliyopitia Himalaya, na zaidi ya yote huenda alinunua mchanganyiko.

Mchanganyiko si ajali. Ni tabia ya mti wenyewe. Jina la kisayansi ni moja, Camellia sinensis, lakini una sura mbili kubwa: wa China, kichaka chenye jani dogo na uvumilivu wa baridi, na wa Assam, wenye jani pana, ambao usipokatwa huwa mti mrefu kuliko nyumba. Hizi mbili huzaliana bila shida. Isitoshe, ua la mchai kwa kawaida hukataa chavua ya mti wake wenyewe. Mbegu yake karibu kila mara ina baba kutoka kichaka kingine. Shamba lililopandwa kwa mbegu, kama yalivyokuwa mashamba yote ya awali ya Kenya, ni ukoo mkubwa usio na daftari. Wapandaji wa zamani walikisia asili kwa kuangalia upana wa jani na weusi wake. Walikisia vizuri mara nyingi, vibaya mara nyingi pia.

Daftari lilianza kufunguka katika miaka ya 1990. Mtafiti Mkenya Francis Wachira, akishirikiana na wenzake wa Uskoti, alichukua kloni 38 za chai na kuzipima kwa alama za DNA. Kloni ni mche unaotokana na kipande cha mti mama, jani moja na kijiti chake, badala ya mbegu. Njia hiyo ndiyo iliyoshika mashamba ya Kenya baada ya taasisi ya utafiti wa chai kuanzishwa Kericho mwaka 1951, na ndiyo iliyoipa nchi kloni mashuhuri kama 6/8.

Kazi yenyewe maabarani ina kejeli yake. Huchukuliwa majani machanga na chipukizi, yale yale anayotupia kapuni mchumaji, yakagandishwa kwa naitrojeni kimiminika na kusagwa mpaka yawe unga wa kijani. Tatizo huanza seli inapopasuka. Zile polifenoli zinazoipa chai rangi na ukakasi, yaani kila kitu ambacho mnywaji anakilipia, huishika DNA, huigeuza rangi ya kahawia na kuifanya isifae kitu. Mtaalamu hulazimika kutia chumvi na kemikali za kuzinasa polifenoli kwanza ili DNA itoke safi. Jani linalotengeneza chai nzuri ndilo linalosumbua. Hilo likishindwa, vipande vya DNA hunakiliwa mara mamilioni na kusukumwa kwa umeme ndani ya jeli. Vifupi hukimbia, virefu hubaki nyuma, na kinachoonekana mwishoni ni ngazi ya mistari. Kila kloni ina ngazi yake.

Matokeo ya Wachira yalichapishwa mwaka 1995. Kloni zote 38 zilitofautishwa, zikiwemo zile ambazo kwa macho hakuna mtu angeweza kuzitenganisha. Kloni za asili ya China zilikaa upande wao, za Assam upande wao, na jamii ya tatu, ambayo wapandaji huiita Cambod, upande wake. Hata hivyo asilimia 70 ya tofauti zote ilikuwa ndani ya makundi, si baina yake. Anayetaka kuichora mipaka ya makabila ya chai kwa kalamu nene aikumbuke hesabu hiyo.

Miaka 21 baadaye Mkenya mwingine, Moses Wambulwa, pamoja na wenzake wa Taasisi ya Botania ya Kunming huko Yunnan, alilipanua swali hadi bara zima. Walipima sampuli 280 kutoka nchi nane za Afrika, kwa alama 23 za kiini cha seli na sehemu tatu za DNA ya kloroplasti. Uchaguzi huo una maana kubwa. DNA ya kiini hutoka kwa baba na mama. Ya kloroplasti, kwa mchai, hupita kwa mama. Ukizisoma pamoja unajua mti umechanganyika kiasi gani na ni nani aliyembeba nani.

Picha iliyotoka ilikuwa hivi: Afrika ina kundi la Assam, kundi la China, na kundi kubwa la machotara, na katika machotara hao mama kwa wingi ni Assam. Kwa maneno mengine, mtu fulani katika kitalu fulani aliokota mbegu chini ya michai ya Assam iliyokuwa imepata chavua kutoka kwa jirani Mchina. Zaidi ya hayo, michai ya Assam iliyoko Afrika iligawanyika makundi mawili yanayolingana na vituo viwili vya utafiti, kimoja Kenya, kingine kusini mwa bara. Alama za DNA zilisoma hata kazi ya wanadamu wa karne ya 20: nani alimpa nani miche. Utafiti uliofuata, uliochapishwa 2017 na kuilinganisha chai ya Afrika na ya Asia, ulithibitisha kwamba iliingia kutoka zaidi ya chanzo kimoja, lakini kwa mfuko mwembamba wa vinasaba.

Na Assam yenyewe? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni tawi tu la chai ya China. Mwaka 2016 uchunguzi mwingine uliohusisha Kunming ulitoa dalili kwamba mchai ulifugwa mara tatu mbalimbali: wa China, wa jani pana la Yunnan, na wa Assam ya India. Ikiwa ndivyo, jani lililomo katika sufuria ya Garissa lina uwezekano mkubwa wa kuwa na ukoo wa mama usiotoka China kabisa, bali upande wa bonde la Brahmaputra, kwa Wasingpho.

Lakini swali la asili lina vyumba viwili, na DNA hufungua kimoja. Inaweza kusema mti ni wa ukoo wa Assam. Haiwezi kusema uliota Kericho au Rwanda, kwa sababu kloni ni ile ile pande zote mbili za mpaka. Wambulwa na wenzake walikuta miche imegawanwa baina ya nchi. 6/8 ni 6/8 popote ilipo. Hili si jambo dogo kwa mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi 1956 na kuhamia pwani 1969, ambako huuzwa chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na kwingine. Anayetaka kujua jani liliota udongo gani hupima madini yake, kwani mti hunywa kilichomo ardhini. DNA ni kwa ajili ya nasaba, madini ni kwa ajili ya makazi. Kwamba chai iliyokaushwa na kutiwa kwenye pakiti bado hutoa DNA inayosomeka lilishathibitishwa mwaka 2011, katika utafiti uliowashirikisha wanafunzi wa sekondari wa New York. Walijaribu bidhaa 146 za dukani, na asilimia 90 zikasomeka. Karibu theluthi moja ya zile zilizoitwa chai za mitishamba zilikuwa na mimea isiyotajwa kwenye pakiti.

Basi tuseme jani limetoka Assam. Limevukaje Tana?

Hapo maabara hunyamaza kabisa, na ajabu ni kwamba kwa hoja ya mimea peke yake kaskazini mwa Kenya isingekuwa nchi ya chai. Ingekuwa nchi ya kahawa. Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia na kandokando yake, na imeonekana ikiota yenyewe hata katika msitu wa Mlima Marsabit. Wanasayansi waliochapisha mwaka 2024 walikadiria kwamba arabika ilizaliwa kwa kukutana kwa aina nyingine mbili za kahawa yapata miaka 600,000 iliyopita. Watu waliijua. Waborana wana buna qalaa, punje za kahawa zilizokaangwa kwa samli, zikaliwa na kunywewa kwa dua na baraka. Wasomali nao wana buni yao ya samli. Wazee wanapoombewa, wageni wa heshima wanapofika, desturi hiyo ipo mpaka leo. Lakini ni ya siku maalumu. Kikombe cha kila siku, cha alfajiri, cha alasiri na cha usiku, kilichukuliwa na jani la ugenini.

Lililoliingiza jani hilo ni duka. Chini ya Waingereza, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD, iliwekwa mbali na sehemu nyingine za Kenya. Sheria ya 1902 ilikuwa imeshatoa uwezo wa kuifunga wilaya. Mwaka 1926 NFD ikafungwa, na mwaka 1934 sheria nyingine ikawabana zaidi watu wake. Kuingia au kutoka kulihitaji ruhusa. Mwaka 1925 Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu, ilikabidhiwa Waitalia, na njia ya zamani ya bahari ikawa ng'ambo ya mpaka. Mifugo ya kaskazini iliwekewa karantini za muda mrefu zilizowafaa wafugaji wazungu wa nyanda za juu, ambao hawakutaka ushindani. Ndani ya boma hilo la kisheria walioweza kutembea na bidhaa walikuwa wachache: Wasomali wa Isaaq na Herti, Waarabu wenye asili ya Yemeni, Wahindi. Walitoka katika dunia ya bandari, ya Aden na Berbera na Kismayu, ambako chai ya India ilikuwa bidhaa ya kawaida. Vibanda vyao vya Wajir, Garissa na Mandera viliuza nguo, sukari na majani ya chai.

Ni bidhaa zilizomfaa mfugaji kuliko nyingi. Kilo ya majani haina uzito mgongoni mwa ngamia. Haiozi. Sukari humpa mchungaji nguvu siku maziwa yakipungua, na maji machafu ya kisima yakichemshwa hayamuumizi mtoto. Mwanamke aliyekuwa na kibuyu cha maziwa au samli ya ziada alikwenda nacho mjini, akarudi na chai na sukari. Mbuzi akaanza kuuzwa kwa sababu hiyo hiyo. Wale wanaohesabu historia ya fedha Kaskazini Mashariki kwa kuanzia na kodi wangefanya vyema kuhesabu pia kutoka kwenye kopo la majani.

Halafu vikaja vita. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Waingereza ilikuta kwamba wengi katika NFD walitaka kujiunga na Somalia. Kenya ikapata uhuru nao wakiwa ndani, na kuanzia 1963 hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 kulikuwa na mapigano ambayo serikali iliyaita ya mashifta. Kuanzia 1966 watu walikusanywa katika vijiji vya ulinzi. Ngamia hafugwi kijijini. Mifugo ilikufa, iliibwa, iliuawa, na familia zilizozoea kuishi kwa maziwa zilijikuta zikiishi kwa kilichomo dukani. Sheria za hali ya hatari katika eneo hilo ziliondolewa 1991, mwaka ule ule Somalia ilipovunjika na kambi za wakimbizi za Dadaab zikaanza kujaa. Chai isiyo na maziwa, ile ambayo Mswahili huiita strungi, ina historia ya uchungu upande huu wa nchi. Ukame nao huitengeneza vilevile: kutoka mwishoni mwa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na mabomani sufuria ikawa nyeusi.

Maziwa yenyewe, yanapokuwepo, nayo yana nasaba iliyosomwa kwa alama za aina ile ile zilizosoma majani. Tena hapa matokeo yanaigusa Garissa moja kwa moja.

Desturi ya Kenya ilikuwa kuwagawa ngamia wake kwa majina ya wenye nao: Msomali, Mrendille, Mgabbra, Mturkana. Mtu wa soko atakwambia tofauti anaziona. Ngamia wa Kisomali ni mkubwa na hutoa maziwa mengi. Wa Rendille na Gabbra ni mdogo, mgumu, mwepesi wa kupanda mawe. Mwaka 2003 timu iliyoongozwa na D. N. Mburu, akiwemo Olivier Hanotte wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, ilichapisha vipimo vya ngamia hao wanne kwa alama 14, ikiwalinganisha na wa Arabuni na Pakistan. Majina manne hayakusimama. Vinasaba vilionyesha makundi mawili: ngamia wa Kisomali peke yake, na kundi moja la Gabbra, Rendille na Turkana. Mipaka ya makabila ilipita mahali fulani, mipaka ya damu ya ngamia mahali pengine.

Wafugaji hawahitaji kuona aibu kwa hilo. Sumad, alama ya moto inayochomwa kwenye ngozi ya ngamia, haikukusudiwa kamwe kusema mnyama alitoka wapi. Inasema ni wa ukoo gani wa watu, ili akipotea arudishwe na akiibwa mwizi ajulikane. Alama ya DNA ni kinyume chake: inamtaja bibi yake ngamia na haimjui mwenye mali. Ngamia aliyelipwa mahari, diya au deni hubadilisha sumad. Damu yake haibadiliki.

Mwaka 2016 Faisal Almathen na wenzake walikwenda mbali zaidi kwa kupima ngamia 1,083 wa leo kutoka pande zote za dunia, pamoja na mifupa ya kale. Ngamia wa nundu moja, walionyesha, alifugwa kusini-mashariki ya Rasi ya Arabuni mwishoni mwa milenia ya pili kabla ya Kristo, na misafara ya biashara iliwachanganya ngamia wa Asia na Afrika Kaskazini kiasi kwamba ni vigumu kuwatenganisha. Isipokuwa Afrika Mashariki. Ngamia wa pembe hii walikaa kando na damu yao, wakiwa wameingia zamani na kupata wageni wachache tu. Wakenya waliohesabiwa pamoja na mifugo yao katika sensa ya 2009 walikuwa na ngamia karibu milioni 3, na wengi wa hao ni wa kaskazini.

Kwa hiyo katika kikombe kimoja hukutana jani la juzi na maziwa ya kale. Majani yana umri wa karne moja na ushei Kenya, yenye mfuko mwembamba wa vinasaba unaozidi kubanwa na kloni chache. Maziwa yametoka kwa mnyama aliyekaa mbali na wageni kwa karne nyingi. Leo biashara yake ni ya akina mama. Huyakusanya alfajiri katika mitungi ya plastiki ya manjano, huyapakia juu ya mabasi, na ya Garissa na Isiolo huishia Eastleigh, Nairobi, ambako hoteli za Wasomali hupika chai ile ile ya moshi.

Iliki na mdalasini ni hadithi ndefu ya Bahari ya Hindi, haiwezi kuingia hapa. Imebaki sukari.

Sukari ndiyo sehemu ya chai ya Garissa inayowaumiza watu vichwa zaidi ya zote. Tangu Kismayu ichukuliwe na majeshi ya Kenya na washirika wake mwaka 2012, magazeti hayajaacha kuandika kuhusu sukari ya bei nafuu inayovuka mpaka bila ushuru. Mwaka 2015 shirika la Journalists for Justice lilitoa ripoti iliyodai wanajeshi wa Kenya walinufaika nayo, na jeshi likakanusha. Mtu angedhani hapa ndipo sayansi ya kutambua asili ingefaa kuliko popote. Lakini sukari nyeupe imesafishwa mpaka karibu hakuna DNA iliyobaki ya kusoma. Vipimo vya kaboni vinaweza kutenganisha sukari ya miwa na ya viazisukari. Miwa ya Brazil na miwa ya Mumias, kwa kipimo hicho, zote ni miwa. Anayetaka kujua gunia lilitoka wapi husoma maandishi yaliyochapwa juu yake, na hilo kila mfanyabiashara wa magendo analijua, ndiyo maana sukari inapofika mjini mara nyingi huwa imeshahamishiwa gunia jingine.